Mafia kwa saa ya maji: namna ya kupanga siku zako kisiwani

Mgeni anayefika Mafia na ratiba ya saa ya ukutani (chai saa mbili, mashua saa tatu, chakula saa saba) huishia ufukweni Utende, penye hoteli za wazamiaji, akitazama nyasi za bahari zimeanikwa juani na mashua zimepwelewa. Hapa ratiba hupangwa na maji. Kabla ya kuulizia chumba, uliza mwezi mwandamo uko tarehe ngapi.

Kuhesabu maji bila jedwali

Bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kila siku, na nyakati zake husogea mbele kwa dakika kama 50 kila kukicha. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvua, na kilele chake ni siku moja au mbili baadaye. Wakati huo tofauti ya kimo kati ya maji kujaa na kupwa hupita mita tatu. Karibu na tarehe 8 na tarehe 22 za mwezi mwandamo huja maji mafu, na tofauti hiyo hushuka hadi mita moja hivi.

Kanuni ya kushika kichwani ni fupi. Siku za bamvua maji hujaa karibu saa kumi, alfajiri na jioni, na hukauka karibu saa nne, asubuhi na usiku. Siku za maji mafu ni kinyume chake: kujaa saa nne, kupwa saa kumi. Siku za katikati unajumlisha dakika 50 kwa kila siku iliyopita tangu tarehe 1 au 15.

Chukua tarehe 18. Zimepita siku tatu tangu tarehe 15, yaani dakika 150, sawa na saa mbili na nusu. Saa kumi alfajiri ukijumlisha saa mbili na nusu unapata saa kumi na mbili na nusu asubuhi: hapo maji yamejaa. Yatakauka saa sita na robo baadaye, karibu saa saba kasorobo mchana, kisha yatajaa tena karibu saa moja jioni. Hesabu hii inaweza kupotea kwa nusu saa hivi, kwa hiyo itumie kupangia siku. Dakika ya kung'oa nanga mwachie nahodha.

Kila shughuli na maji yake

Kuogelea na miwani ya majini na mrija wa kupumulia juu ya matumbawe ndani ya Ghuba ya Chole kunafaa zaidi maji yanapoingia, kuanzia kama saa mbili kabla ya kujaa hadi yanaposimama. Sababu ni mbili. Maji yanayoingia yanatoka bahari kuu, ni safi, unaona mbali. Yanayotoka yamepita kwenye mikoko na matope, na huja na ukungu. Ya pili ni mkondo: ghuba nzima hupumua kupitia milango michache, mkubwa ukiwa Mlango wa Kinasi, na maji yanapotoka hapo humvuta mtu kuelekea bahari kuu. Ndiyo maana wazamiaji wa mitungi huingia Kinasi maji yakijaa. Ukisikia mtu anataka kukupeleka pale maji yakitoka kwa nguvu siku ya bamvua, baki ulipo.

Mafungu ya mchanga kama Marimbani na Mange yanahitaji maji ya kupwa. Siku ya bamvua fungu huanza kuchomoza katikati ya asubuhi, na ikifika adhuhuri maji yamekwisha anza kulirudia. Wengi hukosea hapa: wanafika wamechelewa, wanatandika mkeka, wanawasha moto wa kuchomea samaki, na kabla samaki hajaiva mkeka unaelea. Fika saa moja kabla ya maji kukauka kabisa, na vitu vyako viweke mgongoni mwa fungu, si ukingoni.

Kwenda magofu ya Kua, upande wa kisiwa cha Juani, ni safari ya maji kujaa, kwa sababu mkono wa bahari unaopita kwenye mikoko huko haupitiki maji yakiwa yametoka. Na kinyume chake, siku za bamvua maji yakikauka watu huvuka kwa miguu kati ya Chole na Juani. Usijaribu bila mwenyeji anayejua njia na saa ya kurudi, kwani maji hayaji kwa mbele peke yake. Hujaza kwanza mifereji iliyo nyuma yako.

Kwa hiyo, ukiwa na siku nne tu, panga ufike tarehe 5 au 19 ya mwezi mwandamo. Asubuhi utapata maji yanayojaa, kati ya saa moja na saa nne kadiri siku zinavyokwenda, na alasiri utapata fungu. Fungu lifanye siku ya kwanza au ya pili, maana ukikaribia maji mafu baadhi ya mafungu hayatoki vizuri. Siku za mwisho mkondo umelegea, na hizo ndizo za mtu anayejifunza. Anayeanza kuogelea na miwani siku ya bamvua kali hutumia nguvu zake zote kupigana na maji, kisha husema hakuona kitu.

Msimu na upepo

Maji yanapanga siku, upepo unapanga mwezi. Kuanzia Oktoba, kusi linapolegea, bahari hutulia na maji husafika. Hiyo hudumu hadi kaskazi linapokwisha karibu na Machi, na ndicho kipindi pekee ambacho mashua huweza kutoka nje ya ghuba kwenda kwenye kuta za matumbawe zinazotazama bahari kuu. Novemba kuna vuli, lakini mvua zake hupita. Januari na Februari kaskazi huweza kuvuma kwa nguvu mchana, kwa hiyo toka asubuhi.

Masika, kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Mei, hoteli kadhaa hufunga na njia za mchanga huwa madimbwi. Juni hadi Septemba ni kusi: jua si kali, maji hupoa hadi nyuzi 25 hivi, nje ya ghuba hakuendeki, lakini ndani panakingwa na visiwa vya Juani na Chole, na matumbawe ya ndani yanatosha kabisa kwa mtu wa miwani. Huo pia ndio wakati vifaranga vya kasa huanguliwa kwenye fukwe za mashariki mwa Juani. Ukienda kuwaona, usiwabebe kuwapeleka majini na usiwamulike kwa tochi wala simu. Mwanga huwapoteza njia, kwani wao hufuata weupe wa bahari.

Papa potwe ni wa Oktoba hadi Machi, na hawapo Utende bali upande wa magharibi, mbele ya Kilindoni. Huja karibu na pwani kufuata uduvi. Wengi ni madume wachanga wa urefu wa mita sita hadi saba, nao hawana habari na nyama ya mtu. Kinachoamua hapa ni utulivu wa uso wa bahari, kwa sababu nahodha humtafuta kwa macho, akitazama pezi au kivuli. Maji ya kujaa au kupwa hayana uzito mkubwa. Ondokeni asubuhi. Mkimpata, shukeni polepole ubavuni mwa mashua mkitanguliza miguu, msijirushe, maana kishindo humzamisha na yeye akizama hatangoja mtu. Kaa ubavuni mwake umbali wa mita tatu, mita nne kutoka mkiani: mkia ule ukikupitia utakuacha na michubuko. Usimkate mbele, usimguse, usiwashe mwanga wa kamera. Kikundi cha watu kumi majini kwa wakati mmoja tayari ni kikubwa, na mashua tatu zikimzunguka potwe mmoja, mwambie nahodha wenu mwende mkatafute mwingine.

Kufika

Kwa ndege kutoka Dar es Salaam ni kama nusu saa, kwa ndege ndogo zinazotua Kilindoni. Kikomo cha mzigo mara nyingi ni kilo 15 pamoja na mkoba wa mkononi, na begi liwe laini, kwa sababu sanduku gumu haliingii vizuri kwenye tumbo la ndege hizo. Mwenye mapezi na miwani yake apime nyumbani.

Kwa bahari njia ni Nyamisati, kijiji cha wilaya ya Kibiti pembezoni mwa delta ya Rufiji. Magari yake hupatikana Mbagala Rangi Tatu na hufuata barabara ya Kilwa kabla ya kuchepuka kuelekea pwani. Kutoka Nyamisati kuna kivuko cha serikali, MV Kilindoni, pamoja na boti za watu binafsi. Bandari ile iko ndani ya mkono wa bahari wenye mikoko, kwa hiyo saa ya kuondoka nayo hufuata maji: leo alfajiri, wiki ijayo mchana. Uliza siku moja kabla, na uulize saa ya kuondoka pamoja na saa ya kufunga tiketi. Kata tiketi kwa jina lako na hakikisha limeandikwa kwenye orodha ya abiria. Kipindi cha kusi chombo huyumba sana. Wenye kutapika wameze dawa nusu saa hadi saa moja kabla, wakae katikati karibu na nyuma, na watazame upeo wa macho badala ya simu.

Kilindoni ndiko kuliko na soko, benki, hospitali ya wilaya na nyumba za kulala za bei nafuu. Utende, ambako kuna hoteli za wazamiaji, ni kilomita 14 hivi kwa lami. Bodaboda, bajaji na daladala zinafika. Toa pesa taslimu Kilindoni kabla ya kwenda Utende, na weka salio kwenye simu pia, maana wenye mashua wengi hupokea kwa simu.

Geti la hifadhi

Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia ilitangazwa mwaka 1995, ya kwanza ya aina yake Tanzania. Ina kilomita za mraba 822 na inashika kusini na mashariki, pamoja na Chole, Juani na Jibondo. Wanaoishi ndani yake wanaruhusiwa kuvua kwa masharti, kwa hiyo usishangae kuona nyavu na madema. Kuna kanda zilizofungwa kabisa na kanda za matumizi.

Ada hulipwa kwenye geti unapoingia Utende, huhesabiwa kwa siku, na raia, wakazi na wageni kutoka nje wana viwango tofauti. Beba kitambulisho, la sivyo utatozwa kama mgeni. Lipa kwa kumbukumbu namba ya malipo ya serikali, pokea risiti, na utembee nayo, kwani walinzi wa hifadhi huweza kuidai hata baharini. Ada hii mara nyingi haimo kwenye bei ya mashua wala ya chumba, na hapo ndipo ugomvi mwingi huanzia. Uliza mapema: bei ni ya kichwa au ya chombo? Ina mafuta? Ina chakula? Ina vifaa? Ina ada?

Kokoto za matumbawe, konokono wa bahari, magamba ya kasa, hata ganda tupu lililoko ufukweni: viache. Ganda tupu ni nyumba ya kaa fulani kesho. Na mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Tanzania tangu Juni 1, 2019, kwa hiyo usije nayo hata kwa kufungia nguo mbichi.

Mashua na nahodha

Kabla ya kupanda, tazama mambo manne: jaketi la kuokolea kwa kila mtu, tena la saizi yake (mtoto akivalishwa la mtu mzima humtoka kichwani akiinua mikono), chombo cha kutolea maji yanayoingia, namna ya pili ya kurudi, iwe tanga, makasia, pondo au injini ya akiba, na simu yenye chaji iliyofungwa isiingie maji. Nahodha anayekuambia jaketi zipo nyumbani, mwambie aende akazilete. Kisha mwache aamue njia. Akisema leo mwamba wa Kitutia hakuendeki, usimwongezee pesa ili aende.

Miwani: hapa ndipo siku huharibika

Malalamiko mengi ya wanaoogelea kwa mara ya kwanza hayahusu bahari, yanahusu miwani inayoingiza maji. Jaribu ukiwa nchi kavu. Iweke usoni bila kamba, vuta pumzi kidogo kwa pua, achia mkono. Ikishika sekunde tano bila kuanguka, ni yako. Ikianguka, hakuna kukaza kamba kutakakoiponya, chukua nyingine. Kamba ikikazwa kupita kiasi hukunja mpira, na mkunjo ndio mlango wa maji. Ikae juu ya kisogo, isiteremke hadi masikioni. Nywele zisipite chini ya mpira hata uzi mmoja. Wenye hijabu au kofia ya kuogelea, kitambaa kipite juu ya mpira, kisiwe chini yake. Mwenye masharubu apake mafuta mazito ya mgando juu ya mdomo.

Ukungu wa ndani: miwani mipya ina utando wa kiwandani, isugue ndani kwa dawa ya meno na kidole, suuza, rudia mara mbili. Kila siku kabla ya kuingia, temea mate kioo kikiwa kikavu, sambaza, suuza haraka kwa maji ya bahari, vaa. Ukiisha vaa usiinyanyue juu ya paji la uso kila dakika tano. Joto la paji huleta ukungu upya, na wimbi dogo tu huiondoa ikazama.

Mrija uuume kwa meno taratibu na ufunge midomo kuuzunguka. Maji yakiingia, usivute, puliza kwa kishindo mara moja kama unayesema "tu!", kisha vuta kidogo kidogo. Fanya haya ukiwa umesimama kwenye maji ya kiunoni penye mchanga, dakika kumi, kabla hujaenda kwenye kina. Asiyejua kuogelea avae jaketi na ashike boya linalovutwa na kiongozi. Ataona samaki walewale, kwa kuwa matumbawe mengi ya ghuba yako kina kifupi.

Ndani ya maji

Lala bapa, piga mapezi kutoka kwenye nyonga, si magotini. Anayeendesha miguu kama baiskeli hupiga matumbawe na kuyavunja, na hutimua mchanga unaoyafunika. Ukichoka, usisimame juu ya mwamba: geuka chali, au inua mkono mashua ije. Matumbawe ni wanyama, na majeraha yake kwenye ngozi hayakauki upesi; osha kwa sabuni na maji safi siku hiyohiyo, hata kama ni mchubuko tu.

Ukitembea kwenye maji ya kupwa vaa viatu vyenye soli ngumu. Ndala hazitoshi, kwa sababu miiba mirefu myeusi ya viumbe wa duara wanaokaa mwambani (sea urchin) hupita ubavuni. Mwiba ukivunjikia ndani, toa unaoonekana kwa kibano, loweka mguu kwenye maji moto, na usichimbe kwa sindano: vipande vidogo huyeyuka vyenyewe, vidonda vya kuchimba huoza. Penye mchanga buruza miguu ili samaki taa aliyejifukia asikie na aondoke. Samaki-jiwe ndiye wa kuogopwa kweli, anafanana na mwamba na miiba yake ina sumu kali. Aliyechomwa atumbukize mguu kwenye maji ya moto kadiri anavyoweza kustahimili bila kuungua, kwa nusu saa hadi saa moja na nusu, huku safari ya hospitali Kilindoni ikiwa imeanza.

Jua nalo hupiga mgongo wa aliyelala kifudifudi bila yeye kujua, kwa kuwa maji yanampoza. Fulana ya mikono mirefu na kaptula ya magoti zinashinda losheni yoyote, na hazimwagi kemikali juu ya matumbawe.

Chole na Juani

Siku ya upepo, acha matumbawe, nenda Chole. Kuna mabaki ya majengo ya zamani yaliyobanwa na mizizi ya miti, na popo wakubwa wanaolala mchana wakining'inia matawini kama matunda meusi. Usiwapigie makofi ili waruke upate picha. Kua, kule Juani, ulikuwa mji kamili wenye misikiti na makaburi hadi Wasakalava wa Madagaska walipouvamia mwanzoni mwa karne ya 19. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa, hivyo usipande juu.

Vijijini funika mabega na magoti, wake kwa waume. Nguo za kuogelea ni za ufukwe wa hoteli na mashua. Salimia kwanza, tena usalimie mpaka mwisho, ndipo uulize njia. Kupiga picha ya mtu au ya mafundi wa majahazi, omba. Mwezi wa Ramadhani kuleni na kunywa ndani, na mpange mashua irudi mapema ili mabaharia wawahi futari.

Kurudi

Aliyezamia kwa mtungi asipande ndege kabla ya saa 18 tangu kutoka majini, na saa 24 ni salama zaidi; ndege ndogo nazo zinahesabika. Anayerudi kwa Nyamisati ahesabu maji ya siku ya kuondoka mapema, kwani chombo kikitoka Kilindoni alasiri ataingia Dar es Salaam usiku. Asikate tiketi ya basi la mikoani la jioni hiyohiyo, na kipindi cha kusi aache siku moja tupu katikati.